Shanga za Kichwani

Mimi ni msusi. Nasuka hapa Kyela mjini, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko, na kichwani kwangu hakuna unywele unaozidi urefu wa punje ya mpunga. Mteja mgeni akiingia ananiangalia kitambaa, halafu anaangalia nje, kama vile msusi mwenyewe katoka kidogo na atarudi. Namwambia kaa, ni mimi. Anakaa, lakini nusu ya makalio tu.

Siyo kwamba nanyoa. Nywele zangu zinajinyoa zenyewe. Zinaota vizuri tu, zikifika hapo zilipofika zinakatika, zinaanza upya. Ukipitisha kiganja unasikia kama ulimi wa paka. Kisogoni ndiyo kuna vipele vyake vidogovidogo, na joto la huku likipanda vinawasha mpaka naongea peke yangu.

Kitu hiki nimekitoa kwa baba, na baba kakitoa kwa mama yake, bibi ambaye sikuwahi kumwona bila kilemba. Ila baba ni mwanaume, kwa hiyo kwake haukuwa ugonjwa. Alivaa kofia yake asubuhi, akaenda kwenye kakao, akarudi, akala wali na usipa wa ziwani, akalala. Hakuna mtu aliyemuuliza nywele zako ziko wapi. Wivu wangu wa kwanza hapa duniani ulikuwa huo, kumwonea baba yangu wivu kwa ajili ya kofia.

Wa pili ni wa kumwonea mdogo wangu wa kike. Huo bado ninao, na nautunza vizuri.

Mdogo wangu tumepishana miaka miwili. Tulikulia Makwale, nyumba moja, kitanda kimoja, sufuria moja. Yeye akachukua kichwa cha mama. Nywele za mama ni kama magugu kwenye mpunga, unang'oa leo, kesho yamerudi na ndugu zake. Mimi nikachukua cha baba. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuna siku wazazi walitupanga mstari wakagawa, na mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji.

Mama alihangaika na kichwa changu. Kulikuwa na waliosema ni mapunye, kwa hiyo nikapakwa dawa za mapunye. Kulikuwa na waliosema mawese yanaotesha, na kwetu mawese hayakosekani, kwa hiyo nikapakwa mawese nikaenda kanisani nikiwa mwekundu hadi masikioni, nanukia kama mboga iliyo tayari. Jirani mmoja akasema labda mama alipokuwa na mimba yangu alimcheka mtu mwenye kipara. Mama akamjibu kwamba mwenye kipara pekee aliyewahi kumcheka ni huyo aliyemuoa, na hapo ilikuwa imeshachelewa.

Aliyeniokoa ni serikali. Nilipoanza darasa la kwanza, wote tulinyolewa. Wasichana wote, vichwa vyote, mwalimu wa zamu anapita mstarini anapitisha vidole, vidole vikizama unarudishwa nyumbani. Mimi sikurudishwa hata mara moja. Mwalimu alikuwa akinishika kichwa anawaambia wenzangu, oneni mfano wa usafi. Mdogo wangu alirudishwa mpaka akazoea njia. Watu husema walipenda shule kwa sababu ya elimu. Mimi niliipenda kwa sababu ya vipara. Hesabu sikuelewa, Kiingereza sikuelewa, lakini mstarini pale asubuhi, jua linapiga vichwa vile vyote sawasawa, nilikuwa mtu kati ya watu.

Halafu mtihani wa kidato cha pili ukanikataa. Wakaniambia nirudie darasa, nikaona aibu, nikabaki nyumbani kuanika kakao. Wenzangu wakadhani nalilia masomo. Nilikuwa nalilia kichwa. Maana ukishatoka shule unafuga nywele, na mimi sina cha kufuga.

Mdogo wangu alipomaliza yeye, ilikuwa kama mtu kafungulia maji. Miezi michache zimefika masikioni, mwaka haujaisha zimegusa mabega. Jumapili mchana, wanawake wa kwetu wakishatoka kanisani wanakaa uani kusukana, mmoja yuko kwenye kigoda, mwingine chini katikati ya magoti yake, kuna kitana, kuna mafuta, kuna umbea. Mimi sikuwa na sababu ya kukaa chini. Kwa hiyo nikakaa kwenye kigoda. Nikajifunzia kwenye kichwa cha mdogo wangu, msuko wa twende kilioni kwanza, ile mistari rahisi ya kurudi nyuma, halafu mabutu, halafu ya uzi, halafu rasta. Mikono yangu ikawa inajua. Na mikono ilikuwa na wivu wake pia, inavuta.

Mdogo wangu machozi yanamtoka, anasema, "Dada, unavuta."

Namjibu, "Vumilia, ndiyo urembo."

Maneno hayo ndiyo yamenijengea kibanda. Mpaka leo mteja akilalamika namwambia hayohayo, anatulia, analipa, anarudi. Wanasema misuko yangu inakaa muda mrefu. Inakaa kwa sababu imeshikwa na mtu mwenye hasira na nywele.

Wigi nilijaribu. Joto la Kyela na wigi ni sawa na kuvaa kuku mzima kichwani, tena kuku anayetaka kushuka. Mume wangu, fundi baiskeli, alinitongoza nikiwa na kuku huyo. Ikafika siku nikaona nimwambie ukweli kabla hajapeleka barua kwetu. Nikavua. Akaangalia muda mrefu, kama anavyoangalia tairi, akasema alidhani nimemwita kumwambia nina mtoto mahali. Tukaoana. Watu wananiuliza kama ananipenda. Nawaambia sijui, ila sabuni ya nywele hajawahi kununua.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mimi na mdogo wangu tulipata mimba kipindi kimoja. Yeye alikuwa ameolewa Mwaya, upande wa ziwani, na kila tulipokutana tulikuwa tunapimana matumbo kama wauza maboga. Yeye alikuwa anaomba mtoto mzima, kama watu wenye akili. Mimi nilikuwa naomba kichwa. Usiku na mchana nilikuwa na ombi moja tu, huyu aliyemo humu asichukue cha babu yake. Mkono, mguu, pua ya baba yake yenye ukubwa wa kutosha watu wawili, vyote sawa. Kichwa tu.

Yeye akatangulia kujifungua. Mtoto wa kike, mzuri, kichwa kama yai la kanga. Nilimbeba, nikampongeza mdogo wangu, nikasema ndaga, asante kwa kutuletea mtu, na moyoni kulikuwa na ngoma inapigwa. Baada ya siku chache nikajifungua na mimi. Wa kike. Nesi alipomfuta akacheka, akasema huyu kaja na wigi. Nywele nyeusi, zimelala, zimefika shingoni. Nikalia. Nesi akadhani ni uchungu.

Huku kwetu mtoto mchanga anavaa kofia hata jua likiwaka vipi. Wangu hakuvaa. Nilitaka mvua ione, jua lione, jirani waone. Nilimbeba nikazunguka naye sokoni bila shughuli yoyote, nikiuliza bei za vitu ambavyo sivinunui. Mdogo wangu alikuja kutoka Mwaya kuona mtoto, akampapasa kichwa, akasema, "Dada, hizi utatugawia." Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo. Nililala nalo.

Tatizo likawa mama mkwe. Kwa kina mume wangu, nywele mtoto anazotoka nazo tumboni hazikai. Bibi mzaa baba anazinyoa kwa mkono wake, ndipo zinaota za duniani. Akaja na wembe wake mpya umefungwa kwenye kitambaa, na ndizi, na uso wa furaha. Nikamwambia mama, shikamoo, karibu chai, lakini hapa hanyolewi mtu. Akacheka akidhani natania, maana mimi natania. Alipoona nimemkumbatia mtoto kama mwizi anataka kumchukua, akaacha kucheka. Tukavutana wiki nzima. Mume wangu akawa anashinda kwa baiskeli zake, anatengeneza hata zilizo nzima. Mwisho mama mkwe akarudi kwake Ngana na wembe wake, na neno aliloacha mlangoni ni kwamba nywele za tumboni zisiponyolewa huondoka zenyewe kwa hasira.

Zikaondoka.

Mtoto alikuwa na miezi kama mitatu. Nikaanza kuziona kwenye kanga anayolalia, moja moja, halafu fungu, halafu asubuhi moja kisogo chote cheupe. Nikajiambia ni mto unamsugua. Watoto wote kisogo hunyonyoka, mto unasugua. Nikabadilisha upande anaolala. Upande wa pili nao ukasuguliwa. Zilipoisha zikaanza kuota nyingine, nikafurahi nusu siku, mpaka nilipopitisha kiganja.

Ulimi wa paka.

Baba yangu alikuja kutoka Makwale. Akamchukua mjukuu, akamweka magotini, akavua kofia yake, na huyo mzee havui kofia mbele ya watu isipokuwa kanisani. Akauinamisha uso wake mpaka kichwa chake kikagusana na cha mtoto. Akamwambia, "Karibu nyumbani."

Mtoto akacheka. Mimi nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Na kule Mwaya, lile yai la kanga limeanguliwa. Mdogo wangu alinitumia picha kwenye simu bila ubaya wowote. Nywele za mtoto wake zimesimama, nyeusi, nzito, zimefungwa vibutu viwili na utepe. Niliiangalia picha ile nikaifuta. Halafu nikamwomba anitumie tena, nikamwambia imejifuta.

Maneno ya mama mkwe yalishatangulia mitaani. Kwamba mimi na ubishi wangu ndiye niliyezifukuza nywele za mtoto. Wateja wananiambia kwa upole, huku nimewashika vichwa, na niliwavuta siku zile kupita kawaida. Ndipo mume wangu akasema twende Mbeya hospitali kubwa, tujue moja.

Daktari wa ngozi alikuwa dada mdogo kwangu kiumri, na kitu cha kwanza nilichokiangalia ni misuko yake. Nywele nyingi, zimesukwa ovyo, mistari imepinda kama njia ya kupanda Tukuyu. Nikaona uchungu. Mtu kapewa hazina kama ile anampelekea msusi asiyejali. Alimwangalia mtoto, akaniomba nivue kitambaa, akaniangalia na mimi. Akakata kipande cha unywele wangu na cha mtoto, akaviweka chini ya kile kioo cha kukuza, akaangalia, halafu akasogea, akaniambia na mimi nitazame.

Nilitegemea kuona wadudu. Nikaona shanga. Unywele mmoja, umepanda umeshuka, mnene, mwembamba, mnene, mwembamba, sawasawa kabisa, kama mtu alikaa chini akautunga. Akaniambia penye wembamba ndipo panapokatika. Akasema ni kitu cha kurithi, ni wachache sana wanaozaliwa nacho, hakiambukizi, hakuna aliyekiroga, na wembe wa bibi haukuwa na uhusiano wowote. Hata zile nywele za kwanza ndivyo kilivyo, mtoto anaweza kuzaliwa nazo nzuri, zikapukutika, zikafuata hizi. Dawa ya kukiondoa hakuna. Wengine wakikua kinapungua kidogo, wengine ndiyo basi.

Nikamuuliza mbona mdogo wangu hana. Akasema mzazi mwenye nacho, kila mimba ni kama kurusha sarafu. Mdogo wangu ilimwangukia upande mwingine. Na asiye nacho hana cha kurithisha, kwa hiyo watoto wake, na wajukuu, wameshatoka kwenye mchezo huo. Alisema kama habari njema, na ni habari njema. Ila mimi nilimwona mdogo wangu na ukoo wake wote mpaka kiama, wamepanga mstari, wanachana.

Akanielekeza namna ya kutunza cha mtoto. Mafuta, mkono laini, kitana chenye meno mapana. Dawa za kulainisha marufuku, moto marufuku, kuvuta marufuku kabisa. Halafu akauliza ninafanya kazi gani. Mume wangu akaangalia dirishani. Nikasema msusi. Yule dada alijikaza, lakini mwisho tulicheka wote watatu, na mtoto akacheka kwa kutuona. Wakati wa kuaga nilimwambia daktari kichwa chake kinahitaji mtu, nikamwachia namba yangu ya simu.

Kwenye basi la kurudi mume wangu alisema angalau sasa nina shanga ambazo hakuna mwanamke mwingine Kyela anazo. Nilimjibu kwamba shanga huvaliwa kiunoni, huyu aliyenivalisha alikosea anwani. Nilikuwa nacheka. Mama mkwe nilimpelekea majibu mwenyewe mpaka Ngana, akasikiliza, akanipa kuku, akasema lakini wembe ungesaidia.

Miaka imepita, binti yangu sasa ana sita. Ana mdomo kuliko mimi. Mwenzake, binti wa mdogo wangu, nywele zake zinafika mgongoni zikinyooshwa, na wao wawili wanapendana mpaka inachosha. Likizo wanashinda wote kibandani kwangu. Na kila siku, nikimwona yule mtoto anapita mlangoni na lile shungi, kuna kitu kinaniuma hapa chini ya ziwa la kushoto. Ananiita mama mkubwa, ananiletea maji ya kunywa, mtoto ana adabu. Nayanywa, yanapita, kile kitu kinabaki palepale.

Mwaka huu kaka yetu alikuwa anaoa, na hao wawili wakachaguliwa kutangulia maharusi wakirusha maua. Upande wa bibi harusi wakaleta picha. Magauni meupe, nywele zimebanwa juu, kitunguu kimoja cha nywele katikati, taji la maua limezunguka kitunguu. Nikaangalia picha, nikaangalia kichwa cha binti yangu, na kwa mara ya kwanza akaangalia yeye pia. Alijishika kisogo, akatembeza vidole polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo jana.

Nilikuwa naisubiri siku hiyo tangu zilipoanguka kwenye kanga. Nilikuwa na vichekesho nimeviandaa vya kutosha. Vyote vikanitoka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja. Akaona. Akasema, taratibu tu, kama mtu anayesema atapunguza pindo la gauni, "Dada, huyu wangu namnyoa. Waingie wote na vichwa vya shule. Januari si wanaanza darasa la kwanza, watanyolewa tu."

Nikamwangalia. Alikuwa anamaanisha. Shungi lote lile, angelikata kesho asubuhi, akafagia, akaenda kupika. Unajua ilivyo kumwonea mtu wivu kwa nywele miaka yote, halafu ukagundua hata roho kakuzidi? Nikatamani ayarudishe maneno yake. Na papo hapo, sitaki kudanganya, nikaona kile kichwa kimenyolewa, kinang'aa kando ya cha mwanangu, na ile ngoma ya zamani ikaanza kugonga. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema sawa.

Binti yangu akaniwahi.

"Mama mdogo, usimnyoe," akasema. "Sasa mimi nitasuka nini?"

Akaondoka palipokuwa na ile picha, akachukua kigoda changu, akakaa. Akamwita mwenzake kwa kidole, akamkalisha chini katikati ya magoti yake, magoti yenyewe membamba kama mipini. Akachovya mafuta. Akagawa nywele katikati kwa ncha ya kitana, na mstari ulinyooka, sijui alijifunza lini. Akatuarifu kwamba yeye taji atalivaa hivyohivyo, litakaa vizuri zaidi maana halitasukumwa na kitunguu.

Mdogo wangu akafuta macho kwa kanga. Mimi nikawa nimesimama na chupa ya mafuta mkononi, namwangalia mwanangu, kichwa changu kilekile, shanga zilezile, na hana kinyongo hata tone. Nikamwonea wivu. Mwanangu wa kumzaa. Nilijiuliza alitoa wapi moyo huo, maana kwangu haupo, na baba yake naye huwa anaangalia baiskeli za watu kwa jicho la tamaa.

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Vidole vyake vinakwenda, vinachukua, vinapishanisha, vinakaza. Alikuwa ameuma ulimi pembeni. Yule mwenzake akaanza kukunja uso, akavumilia, akakunja tena, mpaka chozi likamtoka.

"Mama mkubwa," akaniita, "ananivuta."

Binti yangu hakuinua hata macho. Akaliweka sawa lile shungi, akalizungusha mkononi mara moja, akalikaza.

"Vumilia," akamwambia, "ndiyo urembo."

Mdogo wangu akageuka akanitazama. Mimi nikachuchumaa nyuma ya mwanangu, nikaweka mikono yangu juu ya mikono yake.

"Legeza, mama," nikamwambia. "Kidogo tu."